Fungua boneti kabla hujafika Same

Jumamosi iliyopita nilizungumza na majirani wenye magari hapa Moshi, kwenye ukumbi wa kanisa. Wengi wenu mlikuwa msibani Kibosho, na tangu Jumapili simu yangu haijapumzika: "Mwalimu, tuandikie." Haya, nimeandika kama nilivyosema. Picha za ukutani nimeziacha. Na makofi nimeyaacha pia, maana yalikuwa machache.

Wakubwa zangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, vijana, habari za asubuhi?

Leo nimefika mapema. Nilikaa kwenye benchi pale mlangoni na gazeti mkononi, mkadhani nasoma. Sikuwa nasoma. Nilikuwa nasikiliza magari yenu yakipanda kile kimlima cha getini. Magari matatu yameingia yakilia. Wenyewe mmo humu ndani, na mnajijua. Siwataji, angalau kwa sasa.

Krismasi hiyo hapo. Kila Desemba mnaona wenyewe barabara ya Dar inavyojaa watu wanaorudi nyumbani, na wengine mtashuka kuwafuata watoto na wajukuu. Gari la watu watano litabeba saba, na wa nane ni mkungu wa ndizi. Kabla ya safari tunakagua nini? Matairi. Oili. Maji ya rejeta. Sasa nawauliza, na mnyooshe mikono bila aibu: nani kati yenu, mwaka huu, amefungua boneti akaangalia mkanda wa injini, ule wa mpira?

(Mikono miwili ilinyooshwa. Mmoja ulikuwa wa fundi.)

Basi nianze na aibu yangu mwenyewe, ili msidhani nimekuja kuwasimanga.

Mimi nimefundisha ufundi wa magari miaka 26. Desemba moja tunatoka Dar na Corolla yangu, mimi, mama watoto, watoto watatu na shemeji yangu. Chalinze tukasimama kula mishikaki. Nikafungua boneti niongeze maji, nikauona mkanda wa oltaneta, ile inayochaji betri, au dinamo kama wazee mnavyoita. Una nyufa, na pembeni uzi mweupe umechomoza, urefu wa kidole. Nikauona! Mwalimu wa magari kauona! Nikafanya nini? Nikaomba kisu cha mchoma mishikaki, nikaukata ule uzi, nikafunga boneti. Nikajiambia huu utafika, nitaubadili nyumbani.

Segera tukapita. Mombo tukapita. Same tukapita. Kati ya Same na Mwanga, milima ya Upare kuliani kwetu, jua linazama upande wa Nyumba ya Mungu, nikasikia kitu kidogo mbele ya miguu yangu, kama mtu kapiga ndala sakafuni: pa! Taa nyekundu ya betri ikawaka. Shemeji akauliza, "Vipi?" Nikamjibu kwa sauti ile ya darasani: "Betri haichaji tu. Tutafika."

Ndugu zangu, katika gari lile mkanda uliozungusha oltaneta ndio huohuo uliozungusha wota pampu, ile inayosukuma maji ya kupoza injini. Wota pampu isipozunguka, maji yanakaa. Yanachemka ndani ya injini yamesimama, na yale yaliyopoa kwenye rejeta hayana wa kuyapeleka. Mimi nalijua hilo, nimelifundisha, nimelitungia mitihani. Lakini nilikuwa nimechoka, na mwenye haraka ya kwao hasikii.

Na kuna kitu kilinidanganya. Feni ya rejeta ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, naisikia. Sisi tunaita "feni belti", sivyo? Jina hilo ni la magari ambayo mkanda wake kweli unazungusha feni: Hiace za zamani, Land Cruiser, Mark II. Kwenye Corolla na magari mengi madogo, feni ina mota yake ya umeme. Mkanda ukikatika, feni yenyewe haina habari. Kwa hiyo usiseme "feni inafanya kazi, niko salama." Si lazima uwe salama.

Mshale wa joto ukapanda hadi juu. Halafu ukashuka. Nikafurahi! Nikamwambia shemeji, unaona? Kumbe umeshuka kwa sababu maji yameshatoka. Kile kipimo hupima joto la maji. Yakiisha, kimebaki hewani, hakina cha kupima. Dakika mbili baadaye ukaja mvuke, na ile harufu tamutamu ya kulanti, dawa ya maji ya rejeta, halafu injini ikajizimia yenyewe.

Tulilala pale barabarani. Alfajiri lori likatuvuta hadi Mwanga. Gasketi imeungua, silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda, ikabidi ishushwe ikachongwe. Watoto hawakushonewa nguo za sikukuu mwaka ule, na mama watoto hajalisahau hadi leo, yuko pale nyuma anatikisa kichwa. Mkanda wenyewe ningeununua palepale Chalinze kwa bei ya ile mishikaki.

Nawaambieni hivi: taa ya betri ikiwaka mnatembea, simama. Kama mna mikanda mitatu, mmoja ukikatika si lazima uwe wenye hatari. Ukikatika wa AC mtatoka jasho. Ukikatika wa pawa stelingi, usukani utakuwa mzito kama jiwe la kusagia, lakini gari litakwenda. Ukikatika unaozungusha wota pampu, safari imekwisha hapo hapo, hata kama Moshi unaiona kwa macho. Ni upi kwenye gari lako? Muulize fundi leo, uandike. Magari hayafanani. Noah na RAV4 za zamani zenye injini ya 3S, wota pampu inazungushwa na mkanda wa ndani, taimingi belti. Pale mkanda wa nje ukikatika, utatembea hadi betri iishe. Ist na Probox zenye injini ya 1NZ, mkanda mmoja wa nje unazungusha karibu kila kitu, na ndani hamna taimingi belti kabisa, ni cheni.

Mama mmoja ananyoosha mkono. Ndiyo, mama? (Aliuliza kama taimingi belti nayo inaangaliwa kwa macho.) Hapana, ile imefunikwa. Ile inakwenda kwa kilometa, na magari mengi ya Toyota yenye mkanda wa ndani husema kilometa 100,000. Lakini dashibodi ya gari la mtumba mimi naisoma kama barua ya mposaji: naiheshimu, ila nauliza majirani. Tafuteni stika ndani ya chumba cha injini. Mafundi wa Japani wakibadili taimingi belti mara nyingi hubandika stika yenye tarehe na kilometa. Mwaka unaweza kuwa wa kalenda yao, ile ya Heisei, umeandikwa kwa mfano 20. Jumlisha 1988. Unapata 2008. Vijana wenye Corolla za zamani, kafungueni boneti mkajumlishe.

Turudi kwenye mkanda wa nje.

Jirani yangu mmoja ana Carina. Kila asubuhi saa 12 na nusu, hasa mvua ikiwa imenyesha, ilikuwa inalia mtaa mzima: kwiiiii! Watoto wa shule walikuwa wanaamkia hiyo, jogoo wa mtaa. Akaipeleka gereji moja. Fundi akachukua kipande cha sabuni ya mche, injini inanguruma, akausugua mkanda. Kimya! Akalipwa, akashukuriwa. Baada ya wiki, kwiiiii. Sabuni tena. Wiki nyingine, sabuni tena. Sabuni inatibu nini? Sabuni inatibu sikio la mwenye gari. Mkanda unazidi kuteleza, na ukiteleza unapata moto, ukipata moto unakakamaa na kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mkanda unaong'aa upande wa ndani umekwisha, usiusifie.

Nikamwambia, njoo na kikombe cha maji tujue ugonjwa kwanza. Gari limewaka, mikono mbali, mtandio mbali, tai mbali, mikono ya kanzu imekunjwa. Tone la maji upande wa mkanda wenye mifereji. Sauti ikinyamaza kidogo kisha ikarudi, tazama kama puli, yale magurudumu madogo yanayopitiwa na mkanda, zimepangika sawa au mkanda umechoka mifereji. Sauti ikizidi, mkanda umelegea. Ile Carina, tulipotia maji, ilipiga kelele mpaka mbwa wa mchungaji akaitikia. Umelegea! Tukaukaza robo saa, ikanyamaza. Lakini nikamwonyesha pia tone la oili lililokuwa linachuruzika kutoka kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, likidondokea palepale. Oili na mpira hawakai nyumba moja. Ukiweka mkanda mpya chini ya oili inayovuja, umenunua mkanda wa miezi mitatu. Ziba kwanza oili.

Na nyufa je? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hata mafundi wazuri wanakosea. Mikanda ya zamani ilikuwa ya mpira wa neoprini, ikizeeka inapasuka nyufa ndogondogo za kukata mfereji. Ukihesabu nyufa tatu ndani ya sentimita mbili na nusu, utoe. Lakini mikanda mingi ya siku hizi ni ya mpira mwingine, EPDM. Huo haupasuki kirahisi. Unalika kama tairi. Unaweza kuutazama ukauona mzuri, mweusi, hauna ufa hata mmoja, kumbe mifereji imepanuka na mkanda umezama mpaka chini kwenye puli, haushiki tena. Fanya hivi: nenda nao dukani, uulaze kifudifudi kando ya mpya, upitishe ukucha kwenye mifereji ya wote wawili. Ukucha utakuambia.

Dukani nako kuna kisa.

Mama mmoja, mjane, gari ndilo linalompelekea maziwa mjini, aliagiza kijana anunue "mkanda wa Toyota". Mkanda wa Toyota! Ni kama kumtuma mtoto dukani akalete "kiatu cha mtu". Kijana akaleta unaofanana. Ulikuwa mfupi kidogo. Fundi, badala ya kuurudisha, akauvutia kwa bomba la chuma hadi ukaingia. Ukaingia, ndiyo, ukakaza kama uzi wa zeze. Wiki tano baadaye beringi ya wota pampu, zile gololi inazozungukia, ikaanza kunguruma, na maji yakawa yanadondoka kwenye kile kitundu cha chini ya pampu. Mkanda uliolegea unalia, kila mtu anausikia. Uliokaza mno unanyamaza huku unaua beringi, ya pampu na ya oltaneta. Kati ya makosa hayo mawili, mimi naogopa zaidi hilo la kimya.

Mgongoni mwa mkanda kuna maandishi. Mfano, 4PK850. Nne ni idadi ya mbavu, ile miinuko kati ya mifereji, PK ni aina ya mbavu zenyewe, 850 ni urefu kwa milimita. Basi. Hakuna siri. Nakili namba hiyo leo, kabla haijafutika, uihifadhi kwenye simu. Ikiwa imeshafutika, hesabu mbavu, kisha zungushia uzi pale ulipopita mkanda, upime uzi kwa futi kamba. Na kama unanunua mmoja, nunua yote. Kwa nini? Kwa sababu unaokatika unaweza kuwa ule ulioko ndani kabisa, na kuufikia lazima uvue ile ya nje. Ule wa zamani ambao bado una nguvu, usiutupe. Uweke kwenye buti pamoja na spana zake.

Sasa kuubadilisha. Jumatano hii nilibadili kwenye gari la mke wangu, uwanjani kwetu, chini ya mparachichi. Mjukuu wangu wa miaka 12 alishika simu. Kazi yake ya kwanza: piga picha. Piga picha kabla hujagusa boliti hata moja, kutoka juu na kutoka pembeni, mkanda unapita wapi, unazunguka puli gani. Nimeona watu wazima wakikaa na mkanda mpya mkononi wanabishana kama wanagawana shamba.

Injini iwe baridi. Halafu toa waya hasi wa betri. Hili nalirudia: toa waya hasi wa betri. Nyuma ya oltaneta kuna waya mnene ambao una umeme muda wote, ufunguo uwepo usiwepo. Spana ikiugusa huku inagusa bodi, utaona cheche ambayo hutaisahau. Mwanafunzi wangu mmoja pete yake ilishika pale. Ana alama hadi leo, na pete havai tena.

Oltaneta imeshikwa na boliti mbili, moja chini ndiyo bawaba, moja juu ndiyo ya kufungia, na pembeni kuna boliti ndefu ya kuvutia. Kwa la kwetu, spana 12 na 14 zilitosha. Ile ya juu haikunisumbua. Ile ya chini huioni, unaitafuta kwa vidole kama unatafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto, na vumbi letu hili jekundu lilikuwa limeganda juu yake kama udongo wa kuchomea matofali. Nilipulizia mafuta ya kulainisha kutu, nikaenda kunywa chai. Msidharau hiyo chai. Ukilazimisha boliti yenye kutu, itakatika, na kazi ya nusu saa itakuwa ya siku mbili. Niliporudi ilifunguka, na ngozi ya kifundo cha kidole ilibaki kwenye bodi ya gari, hiyo ni kodi ya kawaida.

Boliti ya kufungia na ya bawaba zilegezwe tu, zisitolewe. Ukishalegeza zote mbili, fungua ile ndefu ya kuvutia, oltaneta inajisogeza, mkanda unalegea, unautoa. Na hapo, kabla ya kuweka mpya, ndipo penye faida ambayo wengi wanaikimbia. Mikanda imetoka, kila puli iko huru. Zungusha kwa mkono. Puli ya oltaneta. Puli ya wota pampu. Sikiliza. Itikise. Mjukuu wangu akazungusha moja akasema, "Babu, hii ina mchanga ndani." Beringi imekwisha! Mtoto wa miaka 12, kwa vidole, amesikia kitu ambacho kingetusimamisha Januari. Safisha mifereji ya puli kwa mswaki wa zamani, maana mchanga uliobaki unaula mkanda mpya.

Kisha unauvisha mpya. Kosa kubwa hapa ni kuupandisha mfereji mmoja pembeni. Unaonekana umekaa, kumbe ubavu mmoja unaning'inia nje ya puli. Ukiwasha, unachanika nyuzinyuzi kabla hujafika sokoni. Pitisha kidole kwenye kila puli, mbele na nyuma, usiamini macho.

Ukaze kiasi gani? Shika pale kati, kwenye sehemu ndefu kati ya puli mbili, bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu. Uzame kama sentimita moja. Au upindue: uweze kugeuka robo, usiweze kugeuka nusu. Funga boliti zote, rudisha betri, washa dakika tano, zima, bonyeza tena. Mkanda mpya hunyooka kidogo, karibu kila mara utauongeza. Baada ya wiki, bonyeza tena. Magari mapya yana tenshena inayojikaza yenyewe, hayo msiyasumbue kwa bomba.

Mzee mmoja aliniuliza jana kama ukikatika porini unaweza kufunga kwa vipande vya tyubu, ile mipira ya kufungia mizigo. Mzee wangu, nimejaribu. Mpira wa tyubu unavutika, puli inazunguka mara tatu, mpira unarushwa kwenye nyasi, na unabaki na vidole vinavyouma.

Muda umekwenda na chai nimeona imeletwa. Kwa hiyo sasa naomba tutoke wote nje. Meza iko chini ya mti, spana 12 na 14 zipo, kikombe cha maji kipo, na mswaki wa zamani nimekuja nao. Tutaanza na Noah nyeupe iliyoegeshwa karibu na kisima. Mwenyewe asimame, asiogope. Nimekusikia ukipanda kimlima, baba, na sabuni naiona kutoka hapa.